Kwao ni Wapi

Rujewa tumekua na Asia jirani. Nyumba ya tatu kutoka kwetu anakaa mzee wa Kibaluchi ambaye tangu nikiwa mtoto namwamkia shikamoo babu, naye hujibu marahaba mjukuu wangu kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kisangu kuliko changu. Wabaluchi walikuwa askari wa masultani wa Unguja. Baadhi yao walifuata njia za biashara mpaka bara, wakafika Usangu, wakaoa, wakazika wazazi wao huku. Katika enzi ya Mwingereza ni wao waliokuwa miongoni mwa wa kwanza kuchimba mifereji na kulima mpunga wa kumwagilia kwenye bonde letu. Leo ukisimama barabara kuu ya kwenda Mbeya ukanunua gunia la mchele wa Mbarali, kuna mkono wao ndani yake.

Babu aliposikia nampeleka mama India kutibiwa moyo, alikuja kutuaga. "Mkitoka Dubai," aliniambia, "ndege inapita jirani na pwani ya kwetu, Makran. Ukiiona, nisalimie." Yeye mwenyewe hajawahi kufika.

Nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili katika historia. Tasnifu yangu ilihusu misafara iliyopita Nyanda za Juu Kusini kabla ya Wajerumani, na wiki moja kabla ya safari msimamizi wangu alikuwa amenirudishia sura ya tatu. Pembeni mwa ukurasa wa kwanza aliandika kwa kalamu nyekundu: "Watu wako wako wapi?" Nilikasirika. Kisha nikaisoma sura upya na kuona alichokiona. Burton aliondoka Kaole. Speke aliliona ziwa. Thomson alivuka Uhehe. Karibu kila sentensi ilianza na Mzungu, na nyuma yake kulikuwa na kundi lisilo na uso lililoitwa "wapagazi". Niliiweka sura hiyo kwenye begi, pamoja na vipimo vya mama.

*

Mumbai tulikaa wiki sita. Hospitali ilikuwa na ratiba yake: asubuhi madaktari wanapita, mchana hawaruhusu mtu wodini, jioni unaruhusiwa saa moja. Mama alifanyiwa upasuaji wa valvu siku ya tisa. Aliporudishwa wodini na kuanza kunilalamikia kwamba uji wao hauna chumvi, nilijua atapona, na nilijua pia kwamba nina mchana mrefu usio na kazi.

Nilimpata muongoza watalii kupitia mwenye chumba tulichopanga. Tulikubaliana rupia elfu mbili kwa siku, kwa miguu, mimi peke yangu. Aliniuliza nataka kuona nini. Nikamwambia: nioneshe vitu vilivyokuwepo mwaka 1864. Alifikiri kidogo, akacheka. Wageni wake wote, alisema, wanaanza na lango kubwa la baharini, Gateway of India, ambalo lilikamilika mwaka 1924. "Wewe didi unataka jiji ambalo halipo."

Didi ni dada. Hilo lilikuwa neno la kwanza. Kiingereza chake na changu vilikutana katikati, na vilipokwama tulianza kuokota maneno chini kama watu wanaotafuta sarafu. Yeye anasema lekin, mimi nasema lakini. Duniya, dunia. Kitab, kitabu. Hisab, hesabu. Bandar, bandari. Chai ni chai. Tulipofika kwa muuza kachumbari tulikuwa tunacheka kama watoto.

Nilikuwa na sababu ya kuuliza mwaka 1864. Tarehe 13 Juni mwaka huo meli ndogo ya mvuke iliyoitwa Lady Nyassa iliingia bandari ya Bombay baada ya siku 45 baharini kutoka Unguja. Nahodha alikuwa David Livingstone. Meli hiyo ilijengwa kwa ajili ya ziwa, haikujengwa kwa Bahari ya Hindi, na alikuja kuiuza. Ndani yake mlikuwa na Wazungu wengine watatu, wanaume saba kutoka Zambezi, na wavulana wawili. Mvulana mmoja aliitwa Wikatani. Wa pili aliitwa Chuma.

Chuma alikuwa Myao, mwenye umri wa miaka kama kumi na minne. Miaka mitatu kabla, mwaka 1861, alikuwa kwenye mnyororo wa watumwa katika nyanda za Shire, nchi inayoitwa Malawi leo, Livingstone na wamisionari walipousimamisha msafara huo na kuwakata kamba. Sasa alikuwa Bombay. Livingstone aliwaacha yeye na Wikatani katika shule ya John Wilson, mmisionari wa Kiskoti aliyefungua shule jijini humo mwaka 1832. Susi na Amoda, wawili katika wale saba, walipata kazi bandarini. Yeye akapanda meli kwenda Uingereza. Chuma aliishi katika jiji hili mwaka mmoja na nusu.

Nilimweleza kiongozi wangu haya yote tukiwa tumesimama mbele ya stesheni kubwa ya treni, watu wakitupita pande zote mbili kama maji yanavyopita jiwe. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Basi hii stesheni usiiangalie. Imemalizika 1888." Akageuka na kuanza kutembea.

*

Nilitegemea bajaji. Kwetu bajaji ni India yenyewe. Lakini kusini mwa Mumbai bajaji haziruhusiwi, zinaishia vitongojini. Kule unakuta teksi nyeusi zenye paa la njano, na pikipiki, na mikokoteni inayosukumwa na wanaume waliovaa kandambili, na watu. Nimeishi Dar es Salaam, nimepita Kariakoo mwezi wa Ramadhani, nikadhani najua msongamano. Kiongozi wangu alinifundisha kuvuka barabara: usikimbie, usisimame, tembea mwendo mmoja ili dereva akupigie hesabu. Alitembea hatua mbili mbele yangu, mkono wa kushoto ukiwa nyuma kidogo, kiganja wazi. Kiganja kikifunga, nasimama. Kikifunguka, twende. Hakuwahi kunieleza ishara hiyo. Nilijikuta naijua.

Sehemu ile inaitwa Fort, ngome, lakini ngome haipo. Kuta zake zilianza kubomolewa miaka ya 1860 chini ya gavana Bartle Frere, kwa sababu jiji lilikuwa limenona. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, vilikata pamba ya kusini mwa Marekani, na viwanda vya Uingereza vikaigeukia pamba ya India. Bombay ilitajirika kwa miaka minne. Vita vilipoisha bei ikaanguka, na matajiri wengi wakafilisika mwaka uleule wa 1865. Chuma alifika kwenye kilele na akaondoka baada ya anguko.

Tulisimama kwenye bustani ya duara iitwayo Horniman. Kabla haijawa bustani, kiongozi wangu alisema, palikuwa uwanja wazi uliorundikwa marobota ya pamba. Mbele yake kuna jengo la Town Hall la mwaka 1833, lenye nguzo nyeupe na ngazi pana, na wanafunzi wameketi kwenye ngazi hizo wakijisomea. Upande wa pili lipo kanisa la Mtakatifu Thomas la mwaka 1718. Umbali wa jiji zima ulipimwa kuanzia hapo, na lango la ngome lililoelekea kanisani ndilo lililoipa jina stesheni ya Churchgate. Lango lilibomolewa, jina likabaki, na kila siku watu wasiohesabika wanashuka treni kwenye lango ambalo halipo.

"Hivi vilikuwepo," alisema kiongozi wangu, akinyoosha kidole kwa kimoja kimoja. "Hiki. Na hiki. Mvulana wako aliviona hivi." Alikuwa ameanza kumwita mvulana wangu. Akaongeza kwamba treni pia ilikuwepo: ile ya kwanza iliondoka Bori Bunder kwenda Thane tarehe 16 Aprili 1853.

Bartle Frere, gavana aliyebomoa kuta, ni jina ambalo mtoto wa Afrika Mashariki angeweza kulitambua. Mwaka 1873 alitumwa Unguja kumshinikiza Sultani Barghash afunge soko la watumwa, na mkataba ukasainiwa Juni mwaka huo. Mwaka 1875 wamisionari walipoanzisha kijiji cha watumwa walioachwa huru karibu na Mombasa, walikiita Freretown. Miongoni mwa waliohamia pale walikuwemo Waafrika waliolelewa na misheni ya Nasik, mji ulio bara kutoka Bombay. Watu waliitwa Wabombei. Walikuwa wamezaliwa Uyao na sehemu nyingine za kwetu, wakanyakuliwa utotoni, wakaokolewa baharini na manowari za Kiingereza, wakasomea useremala na uhunzi India, wakarudishwa katika pwani ambayo wengi hawakuwa na ndugu. Jiji lilikuwa limeshakuwa kabila lao.

Kulikuwa na Waafrika wa zamani zaidi. Kiongozi wangu alinipeleka upande wa Mazagaon, bandari ya mashariki, na kunisimulia kisa ambacho shuleni sikukisikia kamwe. Mwaka 1689 Sidi Yakut Khan, amiri wa majini mwenye asili ya Afrika aliyetawala ngome ya kisiwa cha Janjira kusini mwa hapa, alivamia Bombay, akaitwaa Mazagaon na kuwafungia Waingereza ndani ya ngome yao kwa miezi kadhaa mpaka walipoomba amani. Masidi wa Janjira waliendelea kutawala mpaka 1948. Nilimuuliza amejulia wapi. Akashtuka. "Didi, hii kila mtu anajua."

Siku hiyo kijana mmoja alinipiga picha bila kuniomba. Mwingine alimuuliza kiongozi wangu kitu kwa Kihindi, akinitazama nywele. Alimjibu kwa ukali, na hakunitafsiria. Sikumuuliza. Nilifikiri: Chuma alipopita mitaa hii, nani alimjibia?

*

Jioni nilimsimulia mama. Nilikuwa na kurasa kumi na moja za maandishi kwenye daftari. Nilimweleza pamba, ngome, Frere, Sidi Yakut, kiganja kinachofungwa na kufunguliwa. Mama alisikiliza macho yakiwa kwenye dari.

"Na huyo kijana," aliuliza, "kwao ni wapi?"

Nikamwambia ni wa hapahapa Mumbai.

"Amekwambia?"

Hajaniambia. Sijamuuliza.

"Umetembea na mtoto wa watu kutwa nzima, amekuvusha barabara, hujamuuliza kwao?" Mama ana mshono kifuani, hakuweza kupandisha sauti, lakini kwetu hakuna haja ya sauti. Rujewa mgeni akikaribishwa chai, kabla kikombe hakijapoa ameshaulizwa kwao, ukoo wake, na mvua ikoje huko. Nilirudi chumbani, nikafungua daftari. Kurasa kumi na moja. Mahali popote alipotokea, nilikuwa nimeandika "kiongozi".

Watu wako wako wapi?

*

Siku ya pili nilimuuliza. Tulikuwa tumekaa kwenye kibanda tukila vada pav, mkate wenye kiazi ndani na pilipili ya kuunguza. Kwao ni Bihar, mkoa wa mbali kaskazini mashariki. Alikuja Mumbai na mjomba wake akiwa na miaka kumi na saba, akabeba zege, akaosha vyombo hotelini, akajifunza Kiingereza kwa wageni, akajifunza jiji kwa kupotea ndani yake. Machi 2020 serikali ilipofunga nchi kwa sababu ya korona, kazi zilikatika usiku mmoja. Treni zilisimama. Yeye na wenzake watano waliondoka kwa miguu. Walitembea siku nne wakifuata barabara kuu, usiku wakitembea na mchana wakilala kivulini, mpaka lori lilipowabeba. Mamilioni walifanya hivyo katika miji yote ya India. Dunia iliwaona kwenye televisheni. Mjomba wake alifika nyumbani akakataa kurudi. Yeye alirudi.

"Sasa naongoza watu kutembea," alisema, "na wananilipa." Hakusema kwa uchungu. Ilikuwa kama mtu anayesimulia kichekesho ambacho amekizoea.

Kwao wanalima mpunga. Nilimwambia na sisi. Aliniuliza maji yanatoka wapi, tunapandikiza mwezi gani, ndege wanatusumbua kiasi gani. Nilimjibu niliyoyajua, na niliyokuwa siyajui nikamwahidi kumuuliza babu. Mchana ule hatukuona jengo lolote la 1864.

*

Yaliyompata Chuma baadaye yanajulikana kwa sehemu moja tu. Desemba 1865 alibatizwa Bombay akaitwa James. Januari 1866 aliondoka na Livingstone kurudi Afrika, pamoja na Wikatani, Susi, Amoda na vijana tisa kutoka Nasik. Livingstone alipofariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, nchi inayoitwa Zambia leo, Chuma na Susi ndio waliouongoza msafara uliobeba maiti mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Katika mazishi ya London, Aprili mwaka huo, hawakuwepo. Walipelekwa Uingereza baadaye, wakamsaidia Horace Waller kupanga shajara za marehemu. Hapo ndipo vitabu vingi vinapowaaga.

Lakini Chuma alikuwa bado kijana, na kilichofuata kinatuhusu sisi. Mwaka 1879 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilituma msafara kutoka Dar es Salaam kwenda ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Mkuu wake, Keith Johnston, alikufa Behobeho mwezi Juni, kabla hawajafika mbali. Aliyebaki alikuwa Joseph Thomson, Mskoti mwenye umri wa miaka 21 ambaye hajawahi kukanyaga Afrika kabla. Mnyapara wa msafara alikuwa Chuma. Walipanda nyanda za juu, wakavuka Uhehe na Ubena, wakateremka Ziwa Nyasa mwezi Septemba, wakaendelea mpaka Tanganyika. Thomson aliandika kitabu na kupata jina. Ndani yake anakiri kwamba Chuma alisema Kiingereza vizuri pamoja na lugha nyingi za Kiafrika, kwamba aliwajua watu na namna ya kuzungumza nao. Fikiria Mskoti wa miaka 21, katikati ya Uhehe, miaka michache kabla jina la Mkwawa halijavuma, ana mzigo wa nguo na shanga na hajui amkie nani kwanza. Nani alikuwa hatua mbili mbele?

Na Chuma hakuwa mwenyeji wa Uhehe. Hili nilikuwa nimelikosa. Vitabu humwita mwongozaji wa asili, kana kwamba Mwafrika yeyote anaijua Afrika yote kwa kuzaliwa. Kwa Wahehe na Wabena alikuwa mgeni kamili, Myao aliyelelewa kwenye mnyororo, kwenye meli na kwenye shule ya Bombay. Alichokijua ni kazi ya kuwa mgeni: kusikiliza lugha mpaka maneno yaokoteke, kujua lini kusimama na lini kutembea mwendo mmoja. Kijana wa Bihar si mwenyeji wa Mumbai. Aliujua mji kwa sababu aliwahi kupotea humo. Kazi hii hujifunzwa kwa njia hiyo, na anayeisoma hulipa ada kubwa kabla ya kulipwa.

Chuma alifariki Unguja mwaka 1882, akiwa na miaka thelathini na kidogo. Hakuacha kitabu.

*

Siku ya kuondoka kiongozi wangu alikuja kutuona. Mama alimshika mkono akamwambia asante baba kwa Kiswahili, kisha akamuuliza kuhusu mama yake, nami nikatafsiri. Aliniuliza kama nimempata mvulana wangu. Nikamwambia nimepata alikopita.

Ndege ilipopita pwani ya Makran ilikuwa usiku, na mimi nilikuwa nimelala, kichwa cha mama kikiwa begani kwangu. Nilipofika Rujewa nilikwenda moja kwa moja kwa babu kuomba radhi kwamba sikuiona. Alisema hakuna neno, ipo tu. Nikamuuliza maswali ya kijana wa Bihar kuhusu maji na ndege, akajibu kwa saa nzima, nami nikaandika. Nilianza na jina la babu yake, na kwao, na mwezi waliofika.

Wiki iliyofuata nilifungua sura ya tatu. Sentensi niliyoitafuta ilikuwa ukurasa wa nne: "Mwaka 1879 Thomson alivuka Uhehe." Niliifuta. Niliandika kwamba mwaka 1879 msafara ulioongozwa na James Chuma, Myao aliyeishi Bombay kati ya 1864 na 1866, ulivuka Uhehe na Ubena kuelekea Ziwa Nyasa, na kwamba miongoni mwa waliokuwemo alikuwepo Mskoti kijana aitwaye Joseph Thomson. Sentensi ni ndefu. Msimamizi wangu ameipitisha.